Asubuhi ya Saba

Kila mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani alipewa mkeka wa yoga unaosoma moyo. Ukiwaka kijani asubuhi saba mfululizo, mwenyewe amepona. Na aliyepona hurudishwa kikosini.

Sajini Mligo alishamaliza sita. Mkewe, Semeni, alimchungulia kutoka jikoni, furaha ikamjaa kifuani. Huyu ndiye aliyekuwa akijificha uvunguni kila pikipiki ilipopita! Leo ameinama, makalio juu, anaimba wimbo wa harusi yao huku kichwa kinaning'inia.

"Baba Upendo, utavunjika!"

"Nivunjike nini? Njoo na wewe!"

Akaenda, akajifunga khanga kiunoni, akajaribu kusimama kwa mguu mmoja pembeni ya mkeka. Akapepesuka, akamkumba mumewe, wakaanguka wote sakafuni, wakacheka mpaka machozi.

Mligo akarudi kulala chali mkekani, akafumba macho. Semeni akarudi jikoni, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, kama alivyofanya kila asubuhi ya saba kwa mwaka mzima, akauachia sakafuni kwa kishindo. Siku zote Mligo aliruka juu, mkeka ukawaka mwekundu, hesabu ikaanza upya.

"Samahani, baba," akasema kama kawaida yake. "Mfuniko umeniponyoka."

Mligo hakutikisika. Chini yake mkeka ulikuwa kijani kibichi, kama majani ya chai baada ya mvua.

"Samahani ya nini, mama?" alijibu kwa upole, bila kufumbua macho. "Si mfuniko tu?"