Mtu wa Nane

Tulipohamia mjini nilisikia uvumi, nao haukunitoka: kifaa anachowekewa kila mkazi kichwani kinatunza kumbukumbu ya watu saba tu. Ukiongeza wa nane, mmoja anafutika.

Jumamosi nikakutana na Chausiku, niliyesoma naye darasa la nne.

"We Siwema! Bado unakula chaki?"

Tulicheka, tukala urojo, tukakumbatiana. Mji ulikuwa mtamu jamani!

Nyumbani, binti mmoja akanifungulia mlango. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

Akacheka. Kisha akaona sitanii.

Kwenye daftari lake, pale pa jina la mzazi, nikasoma jina langu.

Kina mama wenzangu:

Msikumbatie rafiki wa zamani kabla ya kuhesabu watu wenu.

Msizoee kucheka naye.

Msimuulize mtoto anayelia anaitwa nani.