Diskete ya Wino Mwekundu

Fundi alipovuta kile kitambaa cha kufuma ili aifunike kompyuta, diskete ikaanguka katikati ya vikombe viwili vya chai.

Chausiku akaangalia vikombe.

Hii ilikuwa Jumamosi ya nne fundi anakuja Mikocheni kuua virusi vilevile. Kila akiisafisha mashine, ikifika Jumatano imeshaugua tena, na Chausiku anakwenda kwa jirani kuomba simu ampigie. Mashine yenyewe mwanawe aliituma kutoka Maskati. Mwana mwenyewe hajatia mguu hapa tangu baba yake azikwe.

Fundi akaiokota diskete. Juu yake palikuwa na mwandiko wa fundi mwenyewe, kwa wino mwekundu: INA VIRUSI, TUPA.

"Mama! Si hii niliyokwambia uitupe siku ya kwanza?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

"Na unaichomekaga?"

Chausiku akawa ananyoosha nyuzi za kitambaa, mmoja mmoja.

Fundi akacheka. "Nyie wazee bwana! Hata kopo tupu la maziwa hamtupi." Akaikunja diskete mpaka ikalia kah, kama mfupa wa kuku. "Haya, mdudu kwisha. Sasa utakaa miaka bila kuniona."

Akabeba mkoba wake, akaenda kutafuta viatu mlangoni. Chai hakuigusa.

"Mwanangu," Chausiku akamwita, "na redio unatengenezaga?"

"Natengeneza, mama. Yako ina nini?"

Jikoni redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, sauti safi, bila hata mkwaruzo.