Jozi Namba Tisa

Mara ya tano, majibu yalikuwa yale yale. Kiinitete cha jozi namba tisa kilikuwa na nusu ya vinasaba vya mama. Nusu ya pili haikuwa ya baba. Haikukaribia hata kidogo.

Mkunga aliketi kwenye sakafu ya maabara, mgongo ukiegemea friji, akafumba macho.

Wenzake wa shahada ya uzamili walimwita hivyo kwa utani, kwa kuwa alikuwa amezalisha akina mama miaka saba kabla ya kurudi darasani kusomea tiba ya uzazi na vinasaba. Utafiti wake ulikuwa rahisi kuueleza: alilinganisha damu ya wazazi na chembe chache za viinitete vilivyotungwa maabara, aone kasoro zipi hurithiwa na zipi huzuka zenyewe. Kukuta baba asiye baba hakukuwa kwenye mpango wake.

Kingekuwa kiinitete kilichohifadhiwa kwenye barafu, angekimbilia kwa profesa na mambo yakaishia hapo. Lakini hiki kilikuwa tumboni mwa mwanamke, wiki ya kumi na tatu.

Na siku mbegu zilipopokelewa, zamu ilikuwa yake.

Aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Wanaume sita, chupa sita, nyingine zikitoka nyumbani zimeviringishwa kitambaa zisipoe. Dada yake alikuwa amelazwa, naye Mkunga alikuwa hajapata usingizi siku mbili. Lebo moja ilibanduka kwa unyevu. Akaandika nyingine kwa kumbukumbu tu, akabandika, akaendelea na kazi. Haikuchukua hata nusu dakika.

Alipima damu ya wanaume wengine watatu wa siku ile. Hakuna ambaye vinasaba vyake vililingana. Wawili waliobaki walikuwa wamekataa kutoa damu tangu mwanzo. Basi ni mmoja wao, alijiambia. Amempandikiza mwanamke mtoto wa mtu asiyemjua.

Wiki nzima hakumwambia mtu. Mwishowe akampigia dada yake.

"Nyamaza nalo," dada alisema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe una masomo ya kumaliza. Umebakiza miezi minne, halafu ujichimbie kaburi kwa mikono yako?"

"Dada, yule mama ana miaka arobaini na mbili. Amehangaika miaka kumi na moja. Hajui aliyembeba ni wa nani."

"Na ukimwambia, halafu aamue kuitoa mimba?"

Mkunga alikata simu. Swali hilo hilo ndilo lililokuwa likimla.

Jumatatu asubuhi aliandika barua. Alikiri yote: lebo, uchovu, kumbukumbu. Akaomba aondolewe masomoni. Aliisukuma chini ya mlango wa profesa kabla mwenyewe hajafika, asije akajipa nafasi ya kubadili nia. Kisha akawaita mke na mume.

Walifika saa nne kamili. Mke, fundi cherehani, alitembea polepole, kiganja tumboni. Mume, mwalimu wa hesabu, alikuwa amening'iniza mkoba wa mkewe begani. Tangu mimba iingie hakumruhusu abebe hata mwavuli, na wauguzi walikuwa wameshambatiza Bwana Mkoba.

"Daktari," alisema huku akimvutia mkewe kiti, "jana tumemwambia mama yangu. Amecheka mpaka akalia. Sasa mtoto akija na kichwa kigumu kama changu, msije mkanilaumu."

Mkunga alishika kadi yao, akaigeuza, akapata la kusema.

"Hii haijagongwa muhuri mapokezi."

"Ndiyo kazi yangu hiyo," mwalimu alisema, akaondoka nayo, mkoba ukimpigapiga ubavuni.

Mkunga alijua kwamba akingoja arudi, hatathubutu tena. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama, nisikilize. Nimefanya kosa ambalo siwezi kulirekebisha." Akaeleza harakaharaka, machozi yakimdondokea kwenye koti jeupe: lebo, damu, mara tano. "Uliyembeba si wa mumeo. Ni mimi niliyechanganya. Nimeshamwandikia profesa. Nishtaki, nitukane, nitastahili yote. Sikuweza kukuacha bila kujua."

Fundi cherehani hakupiga kelele. Aliinuka, akaufunga mlango kwa ufunguo.

"Hiyo barua, profesa ameisoma?"

"Sijui. Hufika saa tano."

"Ina jina langu?"

"Namba tu. Lakini lazima atafungua faili. Atawaita nyote wawili."

Mwanamke aliishika meza kwa mikono yote miwili.

"Nenda kaichukue. Sasa hivi. Hukukosea kitu."

"Mama, najua inauma, lakini nimerudia mara—"

"Umenisikia? Hukukosea."

Kitasa kilizungushwa kutoka nje, kikakwama. "Muhuri tayari!" mwalimu aliita kwa furaha. "Mbona mmejifungia?"

Mwanamke alimvuta Mkunga kwa kola ya koti, akamnong'oneza sikioni.

"Chupa ya siku ile niliileta mimi, mwanangu. Haikuwa ya mume wangu."