Masikio ya Fundi Redio

Kila chumba alichoingia fundi redio, muziki ulififia.

"Karibu mzee, karibu!" Wauzaji walimpisha, wakamvutia kiti cha mbele, wakamletea soda baridi. Kisha mmoja wao aliinama haraka kwenye mitambo, na masikio ya fundi yakazidi kuwa mazito.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuhudhuria maonyesho ya mitambo ya muziki, baada ya miaka thelathini ya kufufua redio za watu. Mkewe alikuwa amemwambia waziwazi: "Masikio yako yamekufa. Funga kibanda upumzike." Naye, kwa kujitia mjuvi, akaapa kwamba akishindwa kusikia mitambo bora kuliko yote mjini, atafunga siku hiyohiyo.

Koti lake lilikuwa na matundu ya cheche. Kwa hiyo asubuhi, mkewe akiwa bado bafuni, alichomoa msumarini koti ambalo shemeji yake wa manispaa alilisahau jana yake, akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akajiona bwana mkubwa.

Chumba cha tatu kilikuwa na spika ndefu kumzidi yeye, zikitoa sauti ya mbu.

"Hapo ni sawa, mzee?" aliuliza muuzaji huku jasho likimtoka.

Fundi alifumba macho, akatikisa kichwa kama mjuzi. "Besi imetulia," alisema. Besi yenyewe hakuisikia hata harufu.

"Ndiye huyo," mtu alinong'ona nyuma ya pazia. Fundi akavimba kichwa: kumbe sifa zake zimefika mpaka huku!

Katika chumba cha mwisho hakusikia kitu kabisa. Watu wote walikaa kimya wakimtazama yeye. Akaona aibu, akapiga makofi. Nao wakapiga.

Alirudi nyumbani kwa miguu, moyo umemnyong'onyea. Alimkuta mkewe mlangoni, akamwekea ufunguo wa kibanda kiganjani.

"Umeshinda, mama watoto. Ubishi wangu wote umeishia hapa. Sina masikio."

Mkewe alitaka kucheka, akashindwa. Alimvua koti taratibu kama anayemvua mgonjwa, akaligeuza ili alitundike, akasimama palepale.

Mgongoni, kwa herufi nyeupe kubwa kama viganja, palikuwa pameandikwa: MKAGUZI WA KELELE.