Beseni la Eunike

Kabla ya Meza ya Bwana, kina mama wa kanisa waliketi wawili wawili kuoshana miguu. Eunike alimchagua Dorika, aliyemvunjia bintiye uchumba kwa maneno ya uongo. Visigino vya Dorika vilijaa magaga, na maji ya beseni Eunike alikuwa ameyachanganya na pilipili kichaa, akayachuja vizuri. Leo atanikoma!

"Kaa, dada," Eunike alimwambia.

Dorika akapiga magoti. "Niliyekukosea ni mimi. Acha nianze mimi."

Akautumbukiza mguu wa Eunike majini. Eunike alikuwa amesahau kwamba hata yeye ana magaga. Moto ukampanda hadi gotini. Akauma meno.

"Nisamehe," Dorika alisema huku analia, akainua mkono uliolowa ajifute macho.