Nyota Haikuzimika

"Hebu rudia, fundi," mwenyekiti alisema. "Wenzako wakusikie vizuri."

Fundi saa alikohoa. "Nyota haikuzimika."

Chumba kizima kilinuna. Juzi usiku wanachama wote watano wa chama cha watazama nyota walikesha, kila mmoja na darubini juu ya paa lake, wakiisubiri asteroidi, jiwe linalozunguka jua huko kati ya Mirihi na Mshtarii. Lingepita mbele ya nyota moja na kuiziba. Sekunde za giza zingewapa upana wa jiwe, na majina yao yangeingia kwenye ripoti ya kituo kikuu cha elimu ya nyota.

"Mimi nilipata sekunde sita na nusu," mwenyekiti alisema.

Daktari wa meno alimtupia jicho. "Mimi sita na robo."

"Sita kamili," nesi alisema, akikagua kucha zake.

"Sita na ushee," alidakia shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyemwingiza chamani.

"Sikubandua jicho," fundi alisema. "Iliwaka tu, mwanzo mpaka mwisho."

"Ulisinzia," nesi alisema.

"Au ulikuwa unatazama taa ya jirani," daktari aliongeza.

Walicheka, lakini si kwa utani.

Mwenyekiti aligonga meza. "Kwa hiyo sisi wanne waongo, mwenye macho ni wewe peke yako? Ripoti itakataliwa kwa sababu yako. Andika sekunde kama sisi, au uache ufunguo wa chama hapo mezani."

Shemeji alimwinamia sikioni. "Shemeji, usinivue nguo mbele za watu. Nitamwambia nini dada yangu?"

Miaka thelathini fundi alikuwa akitengeneza saa za watu, na hakuwahi kumdanganya mteja hata dakika moja. Lakini watu wanne! Labda alipepesa. Labda macho yameanza kumchoka. Alivuta karatasi, akaandika sekunde sita na robo, akatia sahihi bila kumtazama mtu.

"Umeona?" mwenyekiti alisema. "Wala haiumi."

Alifungua kompyuta ili aitume ripoti. Kulikuwa na barua mpya kutoka kituo kikuu. Alianza kuisoma kwa sauti kubwa, ila alipofika katikati sauti ikashuka:

"Ndugu wanachama, tunaomba radhi. Tarehe tuliyowatumia ilikosewa. Asteroidi itapita mbele ya nyota hiyo Alhamisi ijayo."