Kibali cha Nyumba ya Bibi

Ndugu wananchi, natangaza rasmi kwamba nyumba ya uani ya Bibi Mwanakombo imetimiza sharti la kibali cha kukaliwa. Anayetangaza ni mjukuu wake, yuko likizoni kutoka shule ya bweni, kwa hiyo msipige makofi bado.

Sharti ni moja: kila asubuhi kuta zimsikie mkazi akisema ameamka salama, la sivyo nyumba hujikunja. Wiki nzima niliigiza sauti ya Bibi kabla hajaamka, ili apate kulala zaidi, na kuta zikanishukuru.

Leo nimechelewa kuamka, Bibi akasema mwenyewe kwamba ameamka salama.

"Wewe si mkazi," ukuta ukajibu. "Toka, najikunja."

Bibi akang'ang'ania mlango. "Mume wangu," aliniita kwa utani wetu, "kwani huu ukuta unamtambua nani?"

Dari ilishaanza kushuka.

"Mimi, Bibi," nikasema. "Unanitambua mimi."